Tai Mwenye Pengo Mkiani

Ghala la mahindi lilipofungwa pale Sumbawanga, Coleta aliondoka na vitu vitatu: cheti cha shukrani, kikohozi cha vumbi ambacho hakikupona mpaka Pasaka, na fungu la vijiti mia vya matete ambavyo hakuna aliyekumbuka kumdai.

Vijiti hivyo ndivyo vilivyokuwa kazi yake kwa miaka kumi na sita. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, makuli wakapita mbele yake na magunia mabegani, na kila gunia lililovuka kizingiti, kijiti kimoja kilihama kutoka mkono wake wa kushoto kwenda wa kulia. Hakusema kitu, hakuandika, hakugeuza shingo hata kuli akimtania. Shifti ilipoisha ndipo alipoita idadi, na waliokuwa wakibishana tangu asubuhi wakanyamaza. Mjini alijulikana kama mtu ambaye hesabu yake hairudiwi. Kisha mambo ya ruksa, kila mtu anunue na auze atakavyo, yakapanda hadi Ufipa. Wafanyabiashara wenye malori yao wakaanza kununua mahindi kwa mkulima, shambani kwake, ghala likabaki na panya, na panya hawakuhitaji karani.

"Njoo tuuze mitumba," mdogo wake Redempta alimwambia. Redempta alikuwa na meza sokoni, na siku ya kufungua belo alipiga kelele kuliko mnada wa ng'ombe. "Masweta, dada! Mji huu una baridi mwaka mzima. Sisi tutakufa wao watakuwa bado wanavaa."

"Nitakaa hapo nikifanya nini?"

"Utauza."

"Siwezi kumsifia mtu sweta lenye tundu."

"Unaligeuza, tundu linaenda kwapani. Kwani nani anainua mikono kwenye baridi?"

Coleta alicheka, lakini moyoni alijua kwamba akikaa kwenye ile meza atakuwa anasubiri kufa tu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alitaka kitu cha kuhesabu.

Ndipo mwezi wa tisa likabandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya maliasili: anatafutwa mtu mwenye macho mazuri, subira, na uwezo wa kuhesabu. Walifika ishirini na mbili. Aliyewapokea alikuwa kijana mwembamba aitwaye Flavian, mtoto wa mvuvi wa Wampembe, aliyemaliza chuo kikuu mwaka ule ule serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Aliwapanga wote mbele ya kanisa, akapiga makofi kwa nguvu, na njiwa waliokuwa juu ya paa wakaruka.

"Wangapi?" aliuliza.

"Wengi," alisema wa kwanza. "Kama sitini," alisema wa pili. "Kama hamsini hivi," alisema wa tatu, na wengine wakafuata kwa kama, kama, kama.

Coleta alitazama vijiti mkononi mwake. "Thelathini na saba. Na mmoja hakuruka, yuko kwenye mfereji wa paa."

Flavian akamwajiri palepale. Baadaye, walipozoeana, alimwambia ukweli: "Mama, na mimi sikujua ni wangapi. Lakini wewe peke yako hukusema kama."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwisho wa mwaka, baridi inapoanza kule kaskazini mwa dunia, ndege wala nyama wa huko, yaani tai, mwewe, vipanga na kozi, huondoka na kuja huku kwetu kwa maelfu. Hufuata milima na mabonde, kwa sababu upepo unaopanda kwenye miinuko huwabeba bila wao kupiga mbawa. Chama kimoja cha wapenda ndege kilikuwa kinatafuta mahali pa kujenga kituo cha kudumu cha kuwahesabu. Flavian alikuwa amewashawishi wajaribu Ufipa, kwenye bonde linaloteremka kutoka milima ya Mbizi kwenda Ziwa Rukwa. Wakampa pikipiki, hema, darubini mbili na sharti moja: ndege elfu kumi kwa msimu. Wakifika elfu kumi, kituo kinabaki miaka mitano, na Flavian na Coleta wanabaki nacho. Wasipofika, hema na darubini vinahamishiwa mkoa mwingine.

"Na sisi?" Coleta aliuliza.

"Mimi narudi Wampembe kuvuta nyavu," alisema Flavian. "Wewe utauza masweta."

Tangu siku hiyo Coleta alilichukia lile sharti na kulipenda kwa wakati mmoja.

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, ambapo alikwenda kwanza misa ya alfajiri, alipanda nyuma ya pikipiki akiwa amekaa upande, kitenge kimefungwa juu ya masweta mawili, vijiti kifuani. Vijana wa stendi wakampa jina. "Mambo, Mama Mwewe!" walimpigia kelele. "Leo wamekuja na mizigo?"

"Poa," alijibu, jambo lililowachekesha zaidi, mama mzima kusema poa. "Mizigo yao haina tundu, tofauti na suruali yako."

Kituo kilikuwa kwenye jabali pana ukingoni mwa uwanda. Nyuma yao kulikuwa na nyasi na matuta ya mashamba, mbele yao ardhi iliporomoka ghafla, na chini kabisa bonde la Rukwa lilionekana kama sahani ya shaba, kukiwa na joto ambalo kule juu walilisikia kwenye hadithi tu. Coleta alifika siku ya kwanza, akazunguka, akatafuta mlango. Flavian alifikiri anatafuta choo.

"Mlango, mwanangu. Huwezi kuhesabu kitu kisichopita mlangoni."

Akauchagua. Upande mmoja palikuwa na mti mkavu uliopigwa radi, upande wa pili, ng'ambo ya bonde, jabali jekundu lenye umbo la mgongo wa fisi. Mstari kati ya mti na fisi ndio ulikuwa kizingiti. Ndege aliyeuvuka kwenda kusini, kijiti kilihama. Asiyeuvuka, hata akizunguka nusu saa mbele ya pua yake, hakuhesabiwa. Wakija kwa makundi makubwa, kijiti kimoja kilibeba kumi. Flavian aliita jina la aina, Coleta akahamisha, na kila saa alimtajia idadi, naye akaandika kwenye daftari.

Ilikuwa kazi tamu ajabu. Mwezi wa kumi mbingu zilikuwa kavu na safi, na vipanga walipita mmoja mmoja kama watu wanaowahi ibada, kisha kumi kumi, kisha siku moja mia nne kabla ya saa sita. Coleta, ambaye kwa miaka kumi na sita alikuwa akitazama migongo ya watu waliolemewa, sasa alitazama vifua vya viumbe visivyobeba kitu. Wakati mwingine machozi yalimlengalenga na akasingizia upepo.

Mtu wa tatu pale juu alikuwa Maganga. Alikuwa Msukuma aliyehamia bonde la Mtowisa na familia yake na ng'ombe wake, na msimu wa kiangazi alipanda na mifugo kufuata nyasi za mteremkoni, chini kidogo ya jabali lao. Alikuwa mzee wa makamo, mrefu, mwenye blanketi begani na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alimwita Coleta "mayo", kama kwao wanavyomwita mama.

Flavian, kwa ujana wake, alimuuliza siku ya kwanza: "Shikamoo, mzee. Una ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Wamo."

"Wangapi lakini?"

"Wote."

"Yaani hujui idadi?"

Maganga alimtazama kwa huruma. "Ng'ombe hanyooshewi kidole akahesabiwa, kijana, kama chupa za bia. Mimi nawatazama tu. Yule mwenye pembe iliyopinda yupo, mamaye yupo, yule mwoga yuko nyuma ya yule mkorofi. Asipokuwepo mmoja, naona nafasi yake."

"Na wakiwa mia mbili?"

"Nitaona nafasi yake."

Coleta alilisikia hilo na kulicheka kidogo, kama fundi anavyocheka zana za fundi wa kazi nyingine. Laiti angejua.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba. Sumbawanga nzima iliikumbuka, kwa sababu iliwakuta makaburini na mishumaa mikononi, na padri mwenyewe akakimbia. Kesho yake kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi, na siku iliyofuata tai wakubwa wa kahawia wakaja kwa wingi ambao Flavian hakuwahi kuuona hata vitabuni. Kila asubuhi walivuka kati ya mti na fisi, mia mbili, mia mbili na ishirini, mia mbili na hamsini. Vijiti vilihama mpaka vidole vya Coleta vikaota sugu mpya. Flavian alicheza dansi juu ya jabali. Alasiri baadhi yao walionekana wakipanda kurudi kaskazini, lakini hao walikuwa hawaingii kwenye hesabu, na Coleta aliwaachia kama alivyokuwa akiwaachia makuli wanaorudi mikono mitupu kuchukua gunia jingine.

Tarehe kumi na tisa Novemba, walipokaa kula viazi vya kuchemsha, daftari lilisoma elfu tisa mia nane na kumi na mbili.

"Mia moja themanini na nane tu zimebaki, mama!" Flavian alisema, mdomo umejaa. "Kesho! Kesho tunamaliza! Dokta Justina wa chama akifika mwisho wa mwezi kukagua, atatukuta tumekaa tu tunakunywa chai."

Maganga alikuwa amepanda kuomba chumvi. Alisimama akitazama angani, ambako tai mmoja alikuwa anavuka taratibu juu ya kizingiti. Kijiti kikahama mkononi mwa Coleta bila yeye kuacha kutafuna.

"Na huyu mnamwandika?" Maganga aliuliza.

"Kila anayevuka tunamwandika."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Huyu huyu?"

Coleta aliacha kutafuna. "Huyu huyu yupi?"

"Huyu mwenye pengo mkiani. Manyoya mawili ya kati hana. Analala kwenye miti ya kule nyuma, asubuhi anashuka kula kumbikumbi kwenye vichuguu vyangu, alasiri anapanda. Yeye na wenzake. Yuko yule mweusi mwenye kelele, yuko yule anayechechemea." Maganga alinyoosha mkono apokee chumvi. "Tangu ile mvua ya makaburini. Nikajua mnajua."

Redio ilikuwa inataja bei ya sukari.

Flavian alichukua darubini. Tai alijigeuza kwenye jua, akautandaza mkia, na katikati ya mkia palikuwa na pengo, safi kama jino lililong'oka.

Coleta aliona baridi iliyopenya masweta yote mawili. Aliielewa hitilafu yake nzima kwa mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Gunia likishavuka mlango wa ghala halijirudishi lenyewe usiku ili litoke tena asubuhi. Kwa miaka kumi na sita hakuhitaji kuangalia kinachorudi, kwa sababu hakikuwepo. Naye alikuwa ameupandisha mlango wa ghala hadi angani, akakaa akimhesabu tai mmoja siku kumi na sita mfululizo.

"Labda ni huyo mmoja tu," Flavian alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Labda," alisema Coleta.

Alasiri hiyo, kwa mara ya kwanza, waligeuza shingo. Walihesabu waliorudi. Asubuhi walikuwa wamevuka mia mbili na nne. Alasiri wakarudi mia moja tisini na mmoja.

Jioni Coleta alipitia sokoni, akakaa nyuma ya meza ya Redempta katikati ya rundo la makoti, akamsimulia.

"Nani anajua zaidi yenu?" Redempta aliuliza, akikunja sweta.

"Maganga."

"Maganga hata ng'ombe wake hajui ni wangapi. Dada, mmebakiza mia moja na kitu. Andikeni, mpate kituo, mwakani mtahesabu vizuri. Ndege watakwenda kushtaki wapi?"

Coleta alikuwa ameshajiambia maneno hayo hayo njia nzima, nyuma ya pikipiki, na yalikuwa matamu. Alitazama masweta. Alijiona amekaa pale mwaka mzima akigeuza matundu. Kisha akajiona amekaa juu ya jabali, kituo kimejengwa, bati jipya, bendera, na kila asubuhi tai mwenye pengo anapita mbele yake akimtazama.

"Redempta," alisema, "unakumbuka makuli walivyokuwa wakinyamaza nikiita idadi?"

"Nakumbuka. Walikuogopa."

"Hawakuniogopa. Waliniamini." Akainuka, akajifunga kitenge. "Nikiandika ile namba, nitakayemwogopa ni mimi."

Redempta alimtupia sweta. "Haya, chukua na hili. Ukirudi kuuza hapa, ujue hesabu zako hazitakiwi. Hapa tunasema kama."

Asubuhi iliyofuata walifungua daftari magotini. Hakukuwa na namna ya kujua, kati ya tai wote wa baada ya mvua, yupi alikuwa msafiri na yupi alikuwa mlaji wa kumbikumbi anayekwenda na kurudi. Flavian alijaribu. Alipiga hesabu za asilimia ukurasa mzima, kwa kalamu mbili, akapata majibu matatu tofauti.

"Basi tuchukue la katikati," aliomba.

"Mwanangu, la katikati nalo ni kama."

Coleta akachukua rula. Akapiga mstari juu ya tai wote walioandikwa tangu siku ya Marehemu Wote, siku baada ya siku, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake wa ghalani: *Imefutwa na karani. Hatukuhesabu waliorudi.* Elfu tatu mia tano tisini na nne zikaondoka. Zikabaki elfu sita mia mbili na kumi na nane. Flavian alijifunika uso kwa kofia yake, akakaa hivyo mpaka kipanga wa kwanza wa siku alipopita na ikabidi aite jina.

Tangu hapo Coleta alihesabu kwa mafungu mawili ya vijiti, moja la kwenda, moja la kurudi, na usiku ulipokaribia alitoa moja kwenye jingine. Maganga naye akapata kazi. Alikaa chini ya jabali, akawa anapaza sauti: "Pengo kashuka! Mchechemeaji kashuka! Mwenye kelele bado!" Flavian alianza kumwandikia safu yake peke yake daftarini, akaipa kichwa: *Wenyeji wa Mzee Maganga.* Hawakuhesabiwa, ila waliandikwa.

Namba ilitambaa. Elfu sita mia nne. Elfu sita mia saba. Halafu, tarehe ishirini na sita, mawingu meusi yalipokuwa yamekaa juu ya ziwa, Coleta aliona kitu kama vumbi kikija kutoka kaskazini. Vumbi likawa mbawa. Walikuwa kozi wadogo, wepesi, wenye miguu myekundu kama waliokanyaga tope la Ufipa, na walipita bila kusimama, wakidaka kumbikumbi hewani na kula huku wanaruka. Walikwenda moja kwa moja. Alasiri hakurudi hata mmoja. Katika siku tatu hizo tu walipita zaidi ya elfu moja na mia tatu.

Jioni ya tarehe ishirini na nane daftari lilisoma elfu nane na arobaini na saba. Msimu, kwa barua ya chama, ulikuwa unafungwa tarehe thelathini.

Dokta Justina alifika asubuhi iliyofuata. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye buti za mvua na kamera nzito shingoni, na alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Dar es Salaam, siku ya pili yote ikiwa matope. Alikataa chai. Aliomba daftari. Alilisoma akiwa amesimama, na Coleta alimwona anafika kwenye kurasa zilizopigwa mistari, anasimama hapo, anarudi nyuma, anasimama tena.

"Nani kafuta?"

"Mimi, dokta," alisema Coleta. Akamweleza habari ya ghala, mlango, gunia lisilorudi, na tai mwenye pengo. Hakujipamba wala hakujitetea. Flavian alikuwa anakagua kucha zake.

"Ulikuwa umebakiza mia moja themanini na nane."

"Ndiyo, dokta. Nilizijua kwa majina."

Dokta Justina alifungua mdomo, lakini Maganga alipaza sauti kutoka chini: "Mayo! Kaskazini!"

Walikuja wakiwa kundi moja zito, kozi wale wale, wakijikunja na kujikunjua juu ya bonde. Dokta alianza kuhesabu kwa sauti, kumi, ishirini, thelathini, akafika mia na kumi, kundi likajipindua ndani ndani kama unga unavyokorogwa, akapotea. Akaacha, akainua kamera, akapiga picha moja, mbili, tano. Coleta hakusema neno. Mkono wa kushoto ulikuwa unapungua na wa kulia unajaa. Wa mwisho alipovuka mti, akatazama vijiti: arobaini vya kumi kumi, tisa vya mmoja mmoja.

"Mia nne na tisa."

"Kama mia nne?" aliuliza dokta.

"Hapana," alisema Flavian, akiwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mia nne na tisa."

Dokta Justina alikaa juu ya jabali na sasa akaomba chai. Alikunywa kikombe kizima akitazama bonde. "Sharti ni elfu kumi," alisema hatimaye. "Siwezi kulibadilisha, na hata ningeweza nisingelibadilisha."

"Tunaelewa," alisema Coleta.

"Lakini tarehe ya kufunga nani aliwaambia ni thelathini?"

"Barua yenu," alisema Flavian. "Inasema kwenye vituo vya kaskazini ndege wanakwisha mwezi huo."

"Kaskazini wanakwisha kwa sababu wameshapita kuja huku. Hiyo tarehe ni ya kule; sharti lenyewe linasema msimu. Sasa karani, niambie wewe. Msimu wako umekwisha?"

Coleta aligeuka akatazama kaskazini, ambako anga lilikuwa bado na chembechembe nyeusi mbali kabisa, zikikua.

"Shifti haiishi mlangoni kukiwa na foleni, dokta."

"Basi hesabu mpaka foleni iishe. Ungeniletea elfu kumi zisizo na mstari hata mmoja, ningewafungia leo leo. Hakuna mtu anayehesabu ndege miezi miwili asikosee." Akarudisha kikombe. "Na huyo Pengo nataka kumwona kabla sijaondoka."

Alimwona. Maganga alimtambulisha kama mtu anavyomtambulisha mkwe.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha karibu kila siku, na kozi waliendelea kupita mbele ya mvua hiyo kama wanaokimbizwa nayo. Siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, Redempta hakufungua meza. Alipanda mlimani kwa miguu, akiwa na sufuria la maharage kichwani na malalamiko ya kutosha kwa njia nzima. Kutoka mjini ngoma za gwaride zilisikika kwa mbali zikiletwa na upepo.

"Mmefika wapi?" aliuliza, akihema.

"Elfu tisa mia tisa themanini na nane," Flavian alinong'ona, kana kwamba ndege wangesikia wakabadili njia.

Redempta akaketi, akasahau kupakua maharage. Wakapita watatu. Wakapita watano pamoja. Anga tupu, mvua ya manyunyu, ng'ombe wa Maganga akilia chini. Akapita mmoja. Wakapita wawili.

"Moja, dada, moja tu," Redempta alisema akimshika Coleta goti. "Mwambie aje!"

"Usinishike mkono wa kazi."

Alikuja chini chini, karibu sana na jabali, mpaka wakaona jicho lake. Alikuwa kozi wa kawaida kabisa, amelowa, ameshika kumbikumbi mguuni kama mtu aliyenunua karanga kwa ajili ya safari. Akavuka mti. Coleta akahamisha kijiti, na Redempta akapiga ukelele uliosikika, Maganga aliapa baadaye, hadi Mtowisa. Flavian alikuwa analia waziwazi na hakusingizia upepo. Maganga alipanda mbio na blanketi lake kuuliza nani amekufa.

"Hakuna!" Redempta alimwambia, akimkumbatia mzee wa watu mpaka redio ikazima. "Dada yangu hauzi masweta!"

Coleta alimpa mkono Flavian, kisha Maganga, kisha akarudi kwenye kigoda chake, kwa maana wengine wanne walikuwa wanakuja.

Foleni iliisha tarehe kumi na tatu. Elfu kumi mia tatu na ishirini na sita.

Barua ya chama ilifika mwezi wa pili, ikiwa na mhuri, sahihi mbili na mikataba ya miaka mitano. Flavian aliisoma kwa sauti sokoni, mbele ya meza ya Redempta, na vijana wa stendi wakampigia Mama Mwewe makofi. Ndani ya bahasha kulikuwa pia na picha moja kubwa ya anga iliyojaa vidoti, na karatasi ndogo yenye mwandiko wa Dokta Justina. Aliandika kwamba wameisafisha picha, wakaweka alama kila kidoti kwa wino mwekundu, watu wawili, kila mmoja peke yake, na wote wawili wamepata mia nne na kumi na wawili.

"Mia nne na tisa kwa macho, mama, kundi likiwa linajikoroga vile!" Flavian alisema, akirukaruka. "Anasema hajawahi kuona kitu kama hicho!"

Coleta aliichukua picha. Aliishika karibu, akaishika mbali, akaitazama pembe kwa pembe kwa muda mrefu, huku wateja wakimsukuma kuyafikia masweta.

"Watatu," alisema. "Hao watatu walipita wapi?"

"Achana nao, dada, umeshinda!"

"Walikuwa nyuma ya wenzao, au walipita juu ya fisi?" Alikunja picha taratibu, akaiweka kifuani, pale vijiti vinapokaa. "Flavian, mwanangu, pikipiki ina mafuta? Nataka kwenda kumwuliza Maganga."